Daktari wa Uingereza hakupimi kwanza, anakusikiliza: kwa mnaoondoka Mbeya na Iringa kwenda kusoma

Wadogo zangu mnaosubiri viza, mkifika Uingereza, hata kabla hamjaulizia duka la unga wa ugali, jiandikisheni kwa daktari wa familia. Huko anaitwa GP. Msingoje mpaka muugue. Hapa kwetu mtu akiamka na homa anapanda bajaji hadi hospitali anayoitaka, anakata kadi na kukaa foleni. Huko hospitali kubwa ni ya dharura na ya wenye rufaa. Mengine mengi yanaanzia kwa GP wa eneo unaloishi, na ndiye anayeandika rufaa. Kwenye makaratasi hata sisi tuna utaratibu huo, toka zahanati mpaka Hospitali ya Rufaa ya Kanda. Tofauti ni kwamba wenzetu wanaufuata.

Kujiandikisha ni bure, na kumwona daktari hulipi kitu mlangoni. Umeshalipa, tena si kidogo: ada ya afya inayoambatana na viza ni pauni 776 kwa mwaka kwa mwanafunzi, tangu Februari 2024. Dawa ndizo zina bei yake. Ukisoma England unalipa pauni 9.90 kwa kila dawa iliyoandikwa (bei ya 2025). Ukisoma Scotland, Wales au Ireland Kaskazini, dawa za cheti ni bure. Wakikwambia hawakuandikishi kwa sababu huna uthibitisho wa anwani, waambie kwa upole kwamba kanuni hazilazimishi. Wengine pale kaunta hawazijui kanuni zao wenyewe.

Miadi mara nyingi hupatikana kwa kupiga simu mapema asubuhi, saa mbili milango inapofunguliwa, au kwa kujaza fomu mtandaoni. Hapo kuna mtego wa saa: wao watakwambia saa nane, na ni hiyo hiyo saa mbili yetu. Anayepokea simu atakuuliza unaumwa nini. Usimwone mmbea. Anapima akupeleke kwa daktari, kwa muuguzi au kwa mfamasia. Kama ni jambo la siri, sema ni la binafsi na ungependa kumweleza daktari mwenyewe. Kina dada, mnaweza kuomba daktari mwanamke, au kuomba awepo mtu wa kushuhudia wakati wa kupimwa mwili.

Sasa tufike penye kazi. Ukiingia chumbani una kama dakika 10. Kwetu mgonjwa anaweza kusema sentensi mbili siku nzima na bado akatibiwa, kwa sababu anayeongea ni maabara: unasema mwili wote unauma, unaandikiwa vipimo, unakaa kwenye benchi, majibu yanarudi, unaenda dirisha la dawa. Kwa GP sampuli nyingi za damu husafirishwa, na majibu hurudi baada ya siku. Ushahidi mkubwa alionao siku ile ni maelezo yako. Ndiyo maana darasani kwangu nawaambia waache kukariri majina ya magonjwa. Kutaja ugonjwa ni kazi ya daktari. Yako ni kusimulia: panauma wapi, palianza lini, panaumaje, nini kinazidisha, nini kinapunguza, umeshatumia dawa gani.

Mtu anayesema "tumbo linanisumbua sana" hajasema kitu. Sikilizeni huyu: "Tumbo lilianza kuuma jana jioni, kitovuni. Usiku maumivu yakahamia chini upande wa kulia. Nikitembea yanazidi. Nimetapika mara mbili, na chakula sikitaki." Hakuna neno gumu hata moja hapo; mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kuyasema yote kwa Kiingereza. Lakini daktari akiyasikia ataanza mara moja kufikiria kidole tumbo. Yaandikeni kwenye karatasi nyumbani, na mkishikwa na kigugumizi yasomeni. Hakuna atakayewacheka.

Watakuuliza pia maumivu ni kiasi gani kati ya 0 na 10. Sisi watu wa baridi, hasa nyie wa Makete, mnaweza kuvunjika mguu mkasema "unauma kidogo". Uvumilivu huo uacheni Makambako. Ukisema 2 utarudishwa nyumbani na Panadol.

Jambo moja msisubiri kuulizwa: mmetoka nchi yenye malaria. Daktari wa kule akiona homa na kichwa kuuma atafikiria mafua kwanza. Mtu aliyekulia Kyela ana kinga fulani, lakini hupungua akikaa mbali, kwa hiyo akirudi likizo kisha akapata homa, hata miezi kadhaa baadaye, aseme siku hiyo hiyo ametoka wapi na aombe kupimwa. Dawa za mitishamba nazo tajeni, hata kama bibi alisema ni siri ya ukoo. Zipo zinazogongana na dawa za hospitali.

Antibayotiki hazinunuliwi dukani kama tunavyofanya Mwanjelwa. Msizililie kwa kila kikohozi, hamtapewa. Ila kwa koo linalouma, au mwanamke mwenye UTI ya kawaida, mfamasia wa England anaweza kumsikiliza na kumpa dawa inayofaa bila kupitia kwa daktari, tangu Januari 2024.

Na kama Kiingereza kinagoma kabisa, omba mkalimani unapoweka miadi. Ni bure, na Kiswahili kinapatikana, mara nyingi kwa simu. Msimbebe rafiki wa bwenini akatafsiri mambo ya mkojo wenu. Mtaona aibu, mtaficha nusu. Kabla ya kutoka, rudia kwa maneno yako ulichoambiwa: dawa hii mara ngapi, kabla au baada ya kula, kwa siku ngapi, na dalili gani ikitokea nirudi. Usiku, kama hali haiwezi kusubiri asubuhi lakini si ya kufa, na uko England, Scotland au Wales, piga 111. Kifua kikibana au mtu akizimia, ni 999, na hapo hakuna miadi.