Dirisha limevunjika au limevunjwa?

SWALI: Ninajifunza kutafsiri. Kila nikikutana na maneno ya Kiingereza kama "broken", "closed" au "married", nakwama. Juzi niliandika "dirisha limevunjika na wezi", mwalimu akalipigia mstari mwekundu bila kueleza. Kosa liko wapi? Na je, "vioo vilivyovunjika" na "vioo vilivyovunjwa" si kitu kimoja?

JIBU: Kosa liko kwenye hilo "na wezi". Vunjika ni kauli ya kutendeka, na kauli hii haina nafasi ya mtenda. Inaeleza kilichokipata kitu, basi. Ukitaka kuwataja wezi, hamia kauli ya kutendwa: "dirisha limevunjwa na wezi". Kifaa au sababu huja na "kwa": limevunjwa kwa nyundo, limevunjika kwa upepo. Utasikia pia "anajulikana na wengi"; hiyo imezoeleka mno, nami sina ugomvi nayo. Lakini "mkutano ulifanyika na viongozi", ninayoisoma karibu kila siku kwenye taarifa, bado inaniumiza sikio. Viongozi walifanya mkutano, au mkutano ulifanywa na viongozi.

Ukisita, jaribu kuongeza "-enyewe". "Mlango umefunguka wenyewe" inakubalika. "Mlango umefunguliwa wenyewe" inagoma, kwa sababu kufunguliwa kunadai mfunguaji hata asipotajwa. Hapo ndipo penye uzito wa swali lako. Mtu aliyevunjika mguu huenda aliteleza akaanguka. Aliyevunjwa mguu, kuna mtu wa kutafutwa. Fedha zilizopotea na fedha zilizoibwa si taarifa moja, na mtoto aliyesimama kando ya vigae anajua vizuri kwa nini anasema "kikombe kimevunjika" badala ya "nimekivunja". Kwa hiyo vioo vyako viwili si kitu kimoja. Mfasiri akichagua ovyo, anamwondolea mtu lawama au anambebesha isiyo yake.

Kiingereza kinakukwamisha kwa kuwa neno lake moja linabeba tendo na hali iliyobaki baada ya tendo. Sisi tunaugawa mzigo huo, na mgawanyo wenyewe haufuati mstari ulionyooka. Kuvunjika, kupasuka, kuchanika na kuharibika ni mambo yanayoweza kukipata kitu bila mkono wa mtu, kwa hiyo hali yake tunaisema kwa kutendeka: shati limechanika. Kuandika na kufunga kwa kawaida kunataka mtu, kwa hiyo hata tunapoizungumzia hali tu tunatumia kutendwa: barua imeandikwa kwa mkono, ofisi imefungwa. Ukisema "ofisi imefungika", msikilizaji atadhani kulikuwa na kazi kubwa kuufunga mlango. Sanduku lililojazwa nguo kupita kiasi, ukalikalia juu ndipo kufuli likaingia, hilo ndilo limefungika! Kutendeka hapa kunaeleza uwezekano, kama vile mwandiko mbaya unavyokuwa hausomeki.

Kuna vitenzi ambavyo havihitaji kugeuzwa kabisa. Aliyechoka amechoka, aliyelala amelala, tunda limeiva. "-Me-" peke yake inatosha kuonyesha hali. Na "married" usiitafsiri kabla ya kujua anazungumziwa nani: kwa matumizi yetu ya kawaida mwanamume ameoa, mwanamke ameolewa, na wote wawili pamoja wameoana.

Sasa tuje kwenye "vilivyovunjika". Katika Kiswahili sanifu "-me-" haipokei o-rejeshi (kiungo kama "-vyo-" cha "vilivyovunjika", kinachorejelea nomino) ndani ya kitenzi, hatusemi "vimevyovunjika". Kazi hiyo inachukuliwa na "-li-", ndiyo maana "vioo vilivyovunjika" vinaweza kuwa vya jana vilivyokwisha kutupwa, au hivi vilivyo sakafuni sasa. Muktadha ukishindwa kukusaidia, andika "vioo ambavyo vimevunjika". Kwenye kukanusha uwe macho zaidi. "Kioo kisichovunjika" ni kile kigumu ambacho hata ukikiangusha hakipasuki. Kile kilichosalimika tu, na kesho kinaweza kuvunjika, ni "kioo ambacho hakijavunjika". Nimekwisha kuona tafsiri ya maelezo ya bidhaa ikiahidi la kwanza wakati matini asilia ilisema la pili.

Kabla hujaunda kishazi kirefu, tazama kama lugha haikukuwekea neno tayari. Aliyeteuliwa ni mteule, kilichoumbwa ni kiumbe, aliyetumwa na Mungu ni mtume, aliyefungwa gerezani ni mfungwa. Kilichokauka ni kikavu, kilicholegea ni kilegevu, kilichopungua ni pungufu. Mimi huyapenda maneno haya kwa sababu ni mafupi na yamekomaa, na wafasiri wachanga huyasahau wakajaza ukurasa "ambaye" na "ambacho".