Ukitaka muhogo wenye unga, tunza majani yake

Muhogo ukitoka shambani mnene lakini umejaa maji, wengi hulaumu udongo au mbegu. Mara nyingi kosa liko juu, kwenye majani. Wanga wote unaoukuta ndani ya muhogo ulianza kama sukari iliyotengenezwa na jani, ikashuka kwa shina mpaka mzizini. Udongo unatoa maji na madini. Wanga hautoki humo.

Jambo hili lilipimwa karne ya 17 na Jan Baptist van Helmont wa Brussels. Alipanda mche wa mti wenye uzito wa kilo 2 na kitu kwenye udongo mkavu wa kilo 90 hivi, akaumwagilia maji tu kwa miaka 5. Mti ulifika zaidi ya kilo 76, na udongo ulipokaushwa na kupimwa tena ulikuwa umepungua gramu 57 hivi. Yeye alidhani uzito wote ule ulitokana na maji. Kumbe sehemu kubwa ilitoka hewani, na hewa hakuiweka kwenye hesabu.

Upande wa chini wa jani la muhogo kuna vitundu vidogo sana visivyoonekana kwa macho, viitwavyo stomata. Humo ndimo inamoingia kabonidioksaidi, gesi iliyomo hewani. Maji yanapanda kutoka mizizini. Umbijani, ile rangi ya kijani, unanasa mwanga wa jua, na nguvu ya mwanga huo inavunja maji: oksijeni inatoka nje, haidrojeni inabaki na kuunganishwa na kabonidioksaidi kuwa sukari. Molekuli 6 za kabonidioksaidi na 6 za maji huzaa molekuli 1 ya sukari na 6 za oksijeni. Hiyo ndiyo usanisinuru. Nguvu ya jua sasa imefungiwa ndani ya sukari, na itakaa humo mpaka mmea, au mlaji, aifungue.

Mchana wa jua kali na hewa kavu utaona majani ya muhogo yamening'inia. Si lazima yawe yanakufa. Mmea unafunga vile vitundu ili usipoteze maji. Lakini vikifungwa, kabonidioksaidi nayo haiingii, kwa hiyo sukari inapungua hata jua likiwa tele. Ndiyo maana kiangazi kirefu hakijazi muhogo kama watu wanavyotarajia.

Mchana jani hutengeneza sukari haraka kuliko linavyoweza kuisafirisha, hivyo huweka ziada kama punje za wanga ndani yake lenyewe. Usiku punje hizo huyeyushwa tena kuwa sukari na kushushwa chini. Jambo hili unaweza kuliona kwa macho, na ni zoezi zuri kwa kikundi cha wakulima au darasa. Chuma jani moja saa 12 jioni baada ya siku ya jua, na jingine la mmea uleule alfajiri kabla jua halijachomoza. La jioni lichemshe kwenye maji dakika 1 mara tu unapolichuma, ili lisiendelee kuyeyusha wanga wake usiku, kisha lihifadhi. La alfajiri nalo lichemshe vivyo hivyo. Zima moto kabisa, maana mvuke wa spiriti hushika moto upesi. Weka majani kwenye kikombe cha spiriti kilichosimamishwa ndani ya sufuria ya maji ya moto, uache dakika 10 hivi mpaka ukijani utoke. Suuza, tandaza kwenye sahani nyeupe, dondoshea iodini ya dukani ya kupaka vidonda. La jioni litageuka bluu nyeusi. La alfajiri litabaki na rangi ya kahawia ya iodini, au litapata weusi kidogo tu. Majani ya maharage hutoa jibu wazi zaidi kwa kuwa ni membamba.

Ukishaelewa hivyo, nafasi ya kupandia inapata maana. Mita 1 kwa mita 1 inakupa mashina 10,000 kwa hekta, yaani kama 4,000 kwa ekari. Muhogo hujaza vizuri pale eneo la majani yote linapokuwa mara 2.5 hadi 3.5 ya eneo la ardhi iliyo chini yake. Likizidi hapo, majani ya chini yanakaa gizani, yanakuwa manjano na kupukutika, huku mmea ukiendelea kulisha mashina na matawi mapya badala ya mizizi. Ingia shambani saa 6 mchana, mwezi wa 5 tangu kupanda, na utazame chini. Vidoa vya jua vikicheza ardhini, uko sawa. Kukiwa na giza tupu na zulia nene la majani ya manjano, umebananisha.

Miezi 3 ya kwanza ndiyo inayowaangusha wengi. Pingili ya sentimita 20 hadi 30 ina akiba yake ndogo ya wanga, na hiyo ndiyo inayojenga majani ya kwanza. Magugu yakiyafunika majani hayo, mmea hauna kingine cha kuanzia. Palilia wiki ya 3 au ya 4, ya 8, na ya 12. Baada ya hapo muhogo wenyewe hufunika ardhi.

Sasa kisamvu. Hatuwezi kumwambia mtu asichume, ni mboga ya nyumbani Pwani, Tanga na Mtwara, na kwa majirani zetu wa Kongo sombe, yaani kisamvu hichohicho, ni chakula cha kila siku. Lakini chuma ukijua unachokichukua. Jani changa la kileleni bado linalelewa na mengine. Likikomaa na kutanuka lote, ndipo linaanza kutuma sukari chini kwa wingi. Kwa hiyo yaache yale mapana yaliyokomaa na uchume ncha laini tu. Kila ncha ukiikata, mmea hutumia sukari kuchipua nyingine, na sukari hiyo haitafika mzizini. Anza mwezi wa 4, na shina ulilochuma lipumzike kama miezi 2. Ukitaka mboga kila wiki, tenga mistari ya pembeni iwe ya kisamvu na uiache mingine ijaze muhogo. Huo ndio mpango tunaoupendekeza, kwa sababu shina linalochumwa kila mara halitakupa mboga nyingi na mizizi minene kwa pamoja.

Mbolea nayo ina mtego. Naitrojeni nyingi huleta majani mazito ya kupendeza na mizizi myembamba. Kinachosaidia kusafirisha sukari na kuijenga kuwa wanga ni potasiamu, na muhogo huiondoa kwa wingi kila unapovunwa. Ukiona kingo za majani ya zamani zinakuwa manjano kisha kahawia, potasiamu imepungua. Samadi iliyooza vizuri inarudisha. Majivu makavu ya kuni yanafaa pia, konzi moja kwa shina, sentimita 15 hadi 20 kutoka kwenye shina, yachanganywe na udongo. Usiyamwage kwenye udongo wenye chokaa nyingi.

Ugonjwa wa batobato nao huiba sukari kwenye majani: sehemu ya manjano ya jani haina umbijani wa kutosha, na jani lililojikunja hunasa mwanga kidogo. Ng'oa mashina yenye ugonjwa mapema, na usichukue pingili humo hata kama shina linaonekana nene.

Kwa wanaouza unga au makopa, kosa la gharama kubwa ni siku ya kuvuna. Kiangazi mmea hupukutisha majani na kutulia, akiba ikiwa imekaa mzizini. Mvua za kwanza zikinyesha, mmea unahitaji majani mapya upesi, na mtaji wake ni ule wanga wa chini. Unautoa tena kama sukari na kuupandisha juu. Muhogo ukivunwa wakati huo huwa na maji, ukichemshwa unakakamaa, ukikaushwa unarudisha unga mchache. Vuna kabla mvua hazijarudi. Zikikuwahi, subiri mpaka majani mapya yatanuke na kufanya kazi miezi 2 hivi.

Usibahatishe, pima. Chukua mizizi yenye uzito wa kilo 3 hadi 5, ioshe udongo wote, iweke kwenye wavu na uipime kwa mizani ya kuning'iniza. Kisha izamishe yote kwenye pipa la maji ikiwa bado inaning'inia kwenye mizani, isiguse chini wala ubavuni, usome tena. Gawanya uzito wa hewani kwa tofauti ya vipimo viwili. Jibu zidisha kwa 158.3, utoe 142. Hiyo ni asilimia ya ukavu, yaani kile kinachobaki muhogo ukitolewa maji yote. Mfano: kilo 3 hewani na 0.34 majini inakupa kama asilimia 36.5. Ikisoma 0.24 majini, umeshuka hadi 30, na kwa kila tani 1 ya muhogo mbichi umepoteza kama kilo 65 za ukavu. Udongo uliobaki kwenye ganda utakudanganya juu, mapovu ya hewa yatakudanganya chini.

Wapo wanaokata mashina wiki 1 au 2 kabla ya kung'oa, wakiacha kisiki cha sentimita 30, ili muhogo usiharibike upesi njiani kwenda sokoni. Kwa muhogo wa kuuza mbichi ni sawa, maana baada ya kung'olewa huanza kuoza ndani ya siku 1 hadi 3. Lakini kisiki kisicho na majani huchipua kwa kula wanga wa mzizi. Kama unakwenda kusaga, acha majani juu mpaka asubuhi ya kung'oa.