Maswali ya Wasomaji: Barua ya Msomaji Inamfaa Nini Mwandishi?

SWALI: Ndugu Mhariri, kwa muda sasa ninaandika makala za historia ya mashamba ya mkonge ya Tanga na Pangani katika jarida dogo la mwezi. Kila toleo likitoka hupokea barua kadhaa. Nyingi ni za pongezi, chache ni za lawama, na mara mojamoja huja barua ndefu ya mtu aliyefanya kazi shambani asiyekubaliana na nilichoandika. Wenzangu hunishauri nizisome na kuziweka kando, wakisema kwamba msomaji hakusomea historia, na kwamba aliyeridhika hajisumbui kuandika. Je, barua hizi zina thamani yoyote kwa kazi yangu? Na je, nizijibu?
Msomaji, Tanga

JIBU: Ndugu yangu wa Tanga, wenzako wamepatia nusu. Ni kweli kwamba barua zinazokufikia si kipimo cha wasomaji wako wote, kwa kuwa aliyekasirika hushika kalamu upesi, na wengi waliosoma makala yako hadi mwisho hawakuandika lolote. Kwa hiyo usizihesabu kama kura. Jambo la kutazama ni lile analolijua mwandikaji wa barua, ambalo wewe, kwa nyaraka ulizonazo, hukuwa na njia ya kulijua.

Tuchukue somo lako lenyewe. Nyaraka zitakueleza kwamba mkonge uliletwa mwaka 1893 na Dakta Richard Hindorf, Mjerumani, kwamba miche yake ilitoka Florida ikapitia Hamburg, na kwamba iliyosalimika safarini ilikuwa 62 tu. Zitakueleza pia tani za katani zilizopakiwa melini, na hazitanyamaza kabisa kuhusu manamba, wale vibarua wa mkataba waliosafirishwa kutoka mbali, kwa sababu uandikishaji wao ulikuwa na ofisi na madaftari. Lakini daftari liliandikwa na mwenye kuhesabu. Namna mkataji alivyoondoa kwanza mwiba wa ncha ya jani ili usimchome, namna mzigo ulivyofungwa, na namna msimamizi alivyoweza kukataa kuitia alama siku nzima ya jasho kwenye kipande, yaani kadi ya kazi ya kibarua, kwa madai kwamba kazi haikutimia, hayo utayapata kwa mzee anayekuandikia kwamba umekosea. Pengine amekosea yeye katika mwaka, maana kumbukumbu ya mtu huchanganya miaka kwa urahisi. Ila ni nadra achanganye kazi aliyoifanya kwa mikono yake. Mwaka uthibitishe katika nyaraka, na kazi umsikilize yeye.

Kisa ninachopenda kukitaja katika jambo hili ni cha Uingereza. Mwaka 1863 mwanamke Myahudi aliyeitwa Eliza Davis, ambaye mumewe alikuwa amenunua nyumba ya Charles Dickens mjini London miaka mitatu nyuma, alimwandikia Dickens kulalamika kwamba Fagin, yule mkuu wa watoto wezi katika riwaya ya Oliver Twist, ni dhuluma kwa Wayahudi. Dickens alijibu kwa kujitetea, akisema, pamoja na mengine, kwamba waovu wengine wote wa riwaya hiyo ni Wakristo. Bibi huyo hakuridhika, akaandika tena. Katika riwaya iliyofuata, iliyoanza kutolewa sehemu kwa sehemu mwaka 1864, alitokea Riah, mzee wa Kiyahudi mwenye moyo mwema. Na Oliver Twist ilipochapishwa upya mwaka 1867, Dickens aliliondoa neno “Myahudi” mahali pengi alipokuwa amelitumia badala ya jina la Fagin. Wahakiki wengi humwona Riah kuwa mwema kupita kiasi, nami nakubaliana nao, lakini hilo halipunguzi uzito wa tukio lenyewe: mwandishi aliyekuwa miongoni mwa mashuhuri kabisa wa zama zake alirudi kwenye kitabu chake cha ujanani kwa sababu ya barua za msomaji asiyekuwa mhakiki wala mtaalamu wa fasihi. Angalia vilevile kwamba barua ya pili isingeandikwa kama ya kwanza isingejibiwa. Hata lile jibu la kujitetea lilikuwa na faida, maana lilimwonyesha Eliza Davis ni hoja ipi hasa anapaswa kuivunja.

Katika Kiswahili jambo hili tumelizoea kuliko tunavyokiri. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki karibu na mwaka 1840, alirushiana beti na washairi wa Lamu wakati miji yao ilipokuwa na uhasama, na ubeti uliotumwa ulikuwa unadai majibu. Baadaye gazeti la Mambo Leo, lililoanza kutolewa Dar es Salaam mwaka 1923, likawafungulia watunzi wa mashairi kurasa zake, Shaaban Robert akiwa miongoni mwao, na desturi ya malumbano ikahamia magazetini, ambamo mtu aliweza kujibiwa na mwenzake wasiyejuana kabisa. Ubora wa malumbano, kwa maoni yangu, uko katika masharti yake: anayetaka kukupinga kwa vina na mizani ileile hana budi kwanza akusome neno kwa neno. Barua ya msomaji haina vina, lakini unaweza kuipima kwa namna hiyohiyo. Je, imetaja sentensi yako mahususi, au imekasirikia kichwa cha habari tu?

Barua ya pongezi ina faida ndogo, isipokuwa ile inayotaja kilichompendeza msomaji. Ya matusi itupe. Ile inayokulaumu kwa jambo ambalo hukulisema usiitupe haraka, kwa sababu wasomaji wawili wasiofahamiana wakiielewa vibaya aya moja, basi aya hiyo ndiyo yenye kasoro.

Kuhusu kujibu, anza na wanaokusahihisha, na ikithibitika kwamba wako sahihi, masahihisho yachapishwe katika toleo linalofuata, mahali panapoonekana. Ukitaka kuitumia kumbukumbu ya mzee katika makala, mwombe ruhusa kwanza, na umuulize kama angependa jina lake litajwe. Msimamizi anayemsimulia huenda ana watoto na wajukuu wanaoishi mtaa mmoja na mzee huyo, na aliloliandika mzee kwa mhariri huenda hakukusudia lisomwe barazani.

SWALI: Mimi si mwandishi, ni msomaji tu. Nikiona kosa katika makala, niandike vipi ili mwandishi asinione mjuaji?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Taja toleo, ukurasa na sentensi yenyewe, kisha ueleze umejuaje kwamba ni kosa: uliona, ulisimuliwa, au ulisoma. Mambo hayo matatu usiyachanganye, kwa kuwa mwandishi anayetaka kuhakiki huanzia hapo, na usimulizi wa marehemu bibi yako huhakikiwa kwa njia tofauti na risiti iliyomo sandukuni mwako. Ikiwa una risiti, picha au barua ya zamani, tuma nakala na ubaki na asili. Jifunge katika jambo moja, hata kama umeona makosa matano. Chagua lile lililo kubwa, na mengine yasubiri hadi ujibiwe. Kuonekana mjuaji kusikusumbue sana, maana mwandishi anayeijali kazi yake hushughulikia kwanza hoja iliyo mbele yake. Usisahau tu kuweka anwani ya kukupata, kwa sababu barua nzuri kupita zote zinazofika mezani pangu zimewahi kukwama hapo.