“Zitokanazo na mimea” au “zilizotengenezwa kwa majani”?

Swali: Natafsiri kipeperushi cha kliniki ya meno. Nimeandika: “Nanochembe zitokanazo na mimea hukinga meno bandia na maambukizi ya bakteria.” Mwenzangu anasema sarufi haina shida ila maana si ya kweli. Nimekosea wapi?

Jibu: Mwenzako yuko sahihi, na kosa kubwa limo katika neno ambalo pengine hukulitilia shaka: zitokanazo. Mafuta ya nazi hutokana na nazi kwa kuwa yalikuwamo ndani yake. Nanochembe zinazozungumzwa hapa, yaani chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho, mara nyingi ni za madini ya fedha, na fedha hiyo haikutoka kwenye jani. Majani, tuseme ya mwarobaini, huoshwa, hukaushwa, huchemshwa kisha huchujwa. Maji yake humiminwa katika myeyusho hafifu wa nitrati ya fedha (chumvi yenye fedha ndani yake), aghalabu wa milimoli 1 kwa lita, na mchanganyiko hugeuka taratibu kuwa wa kahawia. Rangi hiyo ni dalili kwamba kemikali za majani zimezipa ioni za fedha (atomi za fedha zilizopungukiwa elektroni) elektroni, fedha ikajikusanya kuwa chembe. Kemikali nyingine za majani huzifunika chembe hizo zisigandamane.

Kwa hiyo andika zilizotengenezwa kwa kutumia majani. Anayesoma “zitokanazo na mimea” hudhani ni dawa ya miti shamba tupu, na anaweza kutafuna mwarobaini nyumbani akitarajia matokeo yale yale. Tena usiandike “chembe za fedha” peke yake: katika kipeperushi chenye bei za matibabu, msomaji atawaza pesa. Sema madini ya fedha.

Nanochembe linaeleweka, lakini limefuata mpangilio wa kigeni. Nanometa (sehemu moja ya bilioni ya mita) na nanoteknolojia tumeyapokea mazima. Chembe ni letu, na kwetu nomino hutangulia. Wengine huandika “chembe nano”. Tatizo lake ni kwamba tarakimu nazo hukaa papo hapo, na jicho linalosoma haraka huona “chembe nane”. Chembe za nano huondoa utata huo. Mara ya kwanza ongeza ufafanuzi: chembe ndogo mno, zenye upana wa nanometa 1 hadi 100. Bila hivyo, kwa kuwa hospitalini tunasema “chembe za damu”, msomaji atafikiri ni kitu chenye uhai.

Meno bandia nayo ni mapana kupita kiasi, kwani yamo hata yale yanayovuliwa usiku na kuwekwa kwenye glasi ya maji. Wewe unazungumzia skrubu ya titani inayokazwa ndani ya mfupa wa taya, kisha juu yake hufungwa kiunganishi na taji. Hilo ni jino la kupandikiza, kama mche unavyopandikizwa ukashika udongo. “Kipandikizi” pia ni sahihi, ila usiliache bila “cha jino”, maana kwa kina mama wengi kipandikizi ni kile cha uzazi wa mpango, cha mkononi.

Kukinga hapa si kosa, kwa sababu unakinga jino. Ukifupisha tu ukaandika “hukinga bakteria”, maana inapinduka: tunakinga maji ya mvua kwa ndoo, yaani tunayapokea. Bakteria wazuie. Maambukizi ni neno la kawaida hospitalini, lakini humfanya mgonjwa atafute aliyemwambukiza, ilhali bakteria hao mara nyingi wamo tayari kinywani mwake. Wakishajenga utando kwenye skrubu, kama ukoga kwenye jino, fizi huvimba, mfupa huliwa na skrubu hulegea. Taja utando huo, kwa kuwa ndio unaozuiwa.

Limebaki hu-. Kiambishi hiki husema jambo ni la kawaida na limethibitika: jua huchomoza mashariki. Utafiti mwingi wa mbinu hii bado uko maabara, basi tumia zinachunguzwa. Kwa mgonjwa anayelipia matibabu, tofauti hiyo ya silabi chache ni kubwa sana.

Ningeandika hivi: “Chembe za nano za madini ya fedha, zilizotengenezwa kwa kutumia majani ya mwarobaini, zinachunguzwa kama njia ya kuzuia bakteria wasijenge utando kwenye skrubu ya jino la kupandikiza.” Na ndiyo, bakteria wasijenge, si “zisijenge”: ni viumbe hai, waache katika ngeli ya a-wa.