Kabla hujanunua mbuzi Texas, anzia ofisi ya uthamini

Kila inapokaribia Idd el-Hajj simu yangu haitulii. Wengi wanataka mbuzi, ila siku hizi wapo wanaotaka ushauri: "Kaka, na sisi tumepata ekari 10 nje ya Houston, tunaanzaje?" Nami huwauliza kama wameshafika ofisi ya uthamini ya kaunti, ile inayopanga thamani ya ardhi kwa ajili ya kodi. Karibu wote hawajafika. Wameshaongea na dalali, na fundi wa uzio, na muuza mbuzi. Hata mimi nilianza hivyo hivyo, na nililipa.

Ekari zangu 14 nilizinunua mwezi wa kumi. Dalali alinihakikishia kwamba ardhi ile ina nafuu ya kodi ya kilimo, akanionyesha na karatasi ya mwaka ule. Karatasi ilikuwa ya kweli. Tatizo ni kwamba nafuu ilikuwa ya mwenye shamba aliyetangulia. Kwa sheria ya Texas, ardhi ikipata mmiliki mpya, mmiliki huyo anaomba upya kwa jina lake. Sikuomba, kwa kuwa sikujua. Mwaka uliofuata, mwezi wa kumi na moja, nilifungua bahasha nikiwa bado nimesimama kwenye sanduku la barua, nikadhani wamekosea jina. Kodi ilikuwa imepanda zaidi ya mara ishirini. Shamba langu la majani lilikuwa limethaminiwa kwa bei ya viwanja.

Wenyeji wanaita jambo hili msamaha wa kodi. Si msamaha. Ni namna ya kuthamini. Ibara ya 8 ya Katiba ya Texas, kifungu cha 1-d-1, ndiyo msingi wake: ardhi ya kilimo na mifugo inathaminiwa kwa uwezo wake wa kuzalisha, wala si kwa bei ambayo mjenzi wa nyumba angeitoa. Kaunta ukitaja tu "1-d-1" wanakuelewa. Fomu yake ni namba 50-129, na inatakiwa ifike kabla ya Mei 1. Ukichelewa mlango haujafungwa kabisa. Unaweza kupeleka mpaka bodi ya mapitio ya uthamini itakapoidhinisha orodha ya thamani za ardhi ya mwaka huo, kwa kawaida mwezi wa saba, ila utatozwa asilimia 10 ya kodi uliyookoa. Mimi nilizinduka mwezi wa kumi na moja. Hapo hakuna wa kumlilia.

Sharti linalowanasa wageni wengi ni la historia. Ardhi iwe imetumika kwa kilimo au mifugo miaka mitano kati ya saba iliyopita. Ukinunua pori lililoachwa kwa sababu bei ni nzuri, miaka ya kungoja ni yako, na kodi ya bei ya soko ni yako. Kwa hiyo kabla ya kusaini, muulize muuzaji ni nani alikuwa akilisha pale, tangu lini, na mifugo mingapi. Omba mkataba wa kukodisha malisho, risiti za majani, chochote chenye tarehe. Mimi niliokolewa na hayo: mwenye shamba wa zamani alikuwa amekodisha malisho kwa jirani na karatasi anazo, hivyo mwaka wa pili ombi langu lilikubaliwa.

Halafu uliza kiwango. Kila kaunti ina kipimo chake cha mifugo kwa ekari. Kwenye kaunti yangu mbuzi sita wanahesabiwa sawa na ng'ombe mmoja. Mbuzi watatu wa kufurahisha watoto hawatakufikisha popote. Omba mwongozo huo kwa maandishi, usiridhike na jibu la simu. Na fahamu kwamba siku ukiuza kipande kikajengwa nyumba, kaunti inadai tofauti ya kodi ya miaka mitatu nyuma kwa kipande hicho. Hadi 2019 ilikuwa mitano.

Sasa uzio. Mimi ni mtu wa Kongwa, Tanzania. Kwetu mbuzi akiingia kwenye mtama wa mtu, anayeitwa kwa mwenyekiti wa kijiji ni mwenye mbuzi. Sheria ya Texas kwa asili yake inaanzia upande wa pili: mifugo iko huru, mkulima ndiye azungushie shamba lake. Lakini sheria hiyo hiyo inawapa wananchi wa kaunti haki ya kupiga kura kuzuia mifugo kuzurura, na kaunti nyingi zilishapiga kura hiyo zamani sana. Kura ya ng'ombe ni mbali, ya mbuzi, kondoo, nguruwe na farasi ni mbali. Usibahatishe kwa kumtazama jirani mwenye ng'ombe. Muulize karani wa kaunti. Kwenye barabara kuu hakuna tofauti ya kaunti: kumwacha mnyama azurure pale kwa kujua ni kosa.

Hayo maneno "kwa kujua" yameniokoa. Alfajiri moja ya ukungu jirani yangu, mzee wa makamo ya baba yangu, alinipigia simu. Nilipofika, gari la naibu sherifu lilikuwa limewasha taa, lori limesimama, mbuzi wangu 11 wametawanyika kando ya lami, na jike mmoja yuko katikati ya barabara anatafuna boksi. Tulipowarudisha, yule naibu hakuongea sana. Alichukua tochi akatembea na uzio. Aliona mti ulioanguka usiku ule, mpasuko wake bado mweupe, na seng'enge iliyolaliwa ikiwa mpya. Nikamwonyesha kwenye simu picha za uzio nilizopiga wiki mbili nyuma. Akaandika, akaaga. Tangu siku hiyo napiga picha za uzio kila mwezi, na risiti za nguzo nazitunza kama hati ya shamba. Mbuzi wako wakikamatwa huku hujulikani, sherifu anaweza kuwashikilia, na hutawatoa mpaka ulipe gharama zao.

Kuhusu nyama, tafadhali sana. Kumuuzia mtu mbuzi mzima ni halali. Kumchinja, ukampimia mtu kilo, si halali mpaka achinjwe kwenye machinjio yenye ukaguzi. Najua wateja wetu wanavyobembeleza, hasa siku ya Idd. Kataa, umpe namba ya machinjio.

Kuna pia sheria zinazotulinda. Shamba lililofanya kazi kihalali mwaka mmoja au zaidi lina kinga dhidi ya jirani anayeshtaki kwa harufu na kelele, na Novemba 2023 wapiga kura waliiingiza haki ya kulima na kufuga kwenye katiba ya jimbo. Ila sheria hubadilika. Bunge la Texas, kule Austin, hukutana Januari ya kila mwaka wa namba witiri, kwa siku zisizozidi 140. Mwaka 2025 lilipitisha muswada wa Seneti namba 17 (SB 17), unaozuia watu wa China, Iran, Korea Kaskazini na Urusi kununua ardhi. Nchi zetu hazimo, lakini nikasoma muswada ule neno kwa neno, kwa sababu gavana amepewa uwezo wa kuongeza nyingine. Wewe nawe usome.

Ukishapata nakala ya fomu yenye muhuri wa ofisi, nipigie. Hapo tutaongea habari za beberu.