Kuku namtumia, kwenda ndo sijaenda

SWALI: Mbukwenyi wa hapo gazetini. Mimi ni kijana wa Nkuhungu hapa Dodoma, mama yuko Mpwapwa, siku hizi anasahau sana, ananiita jina la marehemu mjomba, nikimrekebisha tunaishia kununiana. Hela natuma kila mwezi, na kuku juu, ila kwenda ndo kazi maana Jumamosi tuna kikundi cha kusoma Biblia na mimi ndo naongoza. Juzi tulikuwa Kutoka 20, waheshimu baba yako na mama yako, mmoja akasema Wayahudi wameichambua hii mpaka nani alipe chakula. Kweli? Na si kwao kusoma Torati ndo kila kitu, mtu akisoma si anasamehewa mengine?

JIBU: Mbukwa mdogo wangu. Ni kweli kabisa, iko kwenye Talmud, yaani vitabu vyao vya mijadala ya sheria, sehemu inaitwa Kiddushin. Wanasema kuheshimu ni kumlisha mzazi, kumnywesha, kumvisha, kumfunika, kumwingiza ndani na kumtoa nje, yaani kazi za mikono na miguu tupu. Halafu kuna kumcha, hapo ni usikae kwenye nafasi yake na usimpinge maneno yake (umeisikia hiyo ya mwisho?). Gharama inatoka kwenye mali ya mzazi mwenyewe, asipokuwa nacho na mtoto anacho, mtoto anabanwa atoe.

Sasa hao kuku wako. Kuna Talmud mbili, na ile ya Yerusalemu ina kisa cha jamaa aliyekuwa anamlisha baba yake kuku wanono, mzee siku moja akauliza mwanangu hawa unawatoa wapi, akajibiwa we mzee kula, mbwa nao wanakula kimya. Huyo na kuku wake wakasema ni wa Jehanamu. Mwingine alikuwa msaga nafaka, mfalme akaita wasagaji wakamfanyie kazi, huyo mtoto akamwambia baba yake shika wewe jiwe hapa nyumbani, niende mimi, kama ni kutukanwa na kupigwa vinipate mimi. Baba anasaga, na mtoto kaenda peponi! Mimi kisa hiki huwa kinanichoma kwa sababu na mimi ni mtu wa kutuma kwa simu.

Kuhusu kusoma, hapo rafiki yako wa kikundi angekukamata. Ni kweli wanasema kusoma Torati ni kukubwa kuliko kuheshimu wazazi, wanamtaja Yakobo kwamba ile miaka 14 aliyokaa mbali na wazazi anasoma hakuadhibiwa nayo. Ila wana kanuni nyingine, wajibu ambao hakuna mwingine wa kuufanya, unafunga kitabu unakwenda. Kuongoza kikundi yupo mwingine. Tena wao kwa kawaida wanasoma wawili wawili, wanabishana kwa sauti juu ya mstari mmoja, hata kiongozi hawamhitaji sana.

Na huo usahaulifu Maimonides, mwanasheria wao wa karne ya 12 aliyekuwa pia daktari, aliugusa, kwamba mtoto ajitahidi kwenda na mzazi kwa hali yake, akishindwa kabisa aondoke lakini aweke watu wa kumtunza vizuri. Wewe hujafika huko, wewe umeshindwa jina tu.

Mpwapwa siyo Kigoma. Jumamosi hii waachie wenzako kikundi, panda gari, na akikuita mjomba itika, muulize karanga zimetokaje huko shambani kwa mwaka anaoukumbuka yeye.