Uchunguzi wa siri au kikao cha faragha?

Swali: Mwalimu shikamoo. Nimesoma habari moja kuhusu Bunge la Uingereza lilivomchunguza Boris Johnson, aliyekuwa Waziri Mkuu wao, mwandishi kaandika "uchunguzi wa siri", chini yake "ushahidi wa faragha", mbele tena "usiri wa serikali". Ni kitu kimoja au kachanganya?

Marahaba. Kachanganya, na kachanganya pale pale ambapo ugomvi wenyewe ulikuwepo, ndo maana nataka tulichambue hili vizuri.

Siri ni habari, kitu ambacho wengine hawatakiwi kukijua, ndo maana siri inatunzwa, inatolewa, inavuja, na barua ya ofisini inapigwa mhuri wa SIRI. Faragha haivuji. Faragha ni kukaa pembeni na watu, wazee wakiingia chumbani kusuluhisha ndoa mtaa mzima unajua wanasuluhisha nini, ila hakuna anayeruhusiwa kusikiliza. Usiri sasa ni ule mwenendo wa kuficha, hata kama kinachofichwa hakistahili kufichwa.

Tuje kwa Johnson. Bunge lilipeleka suala lake kwenye kamati yake ya wabunge inayoshughulikia haki na hadhi ya Bunge, Aprili 2022, kwa uamuzi wa wazi kabisa, ichunguze kama alilipotosha Bunge kuhusu zile sherehe za Downing Street, yaani ofisini kwa Waziri Mkuu, wakati wa korona, mwenyekiti akawa Harriet Harman, alafu tarehe 22 Machi 2023 Johnson akahojiwa mchana kweupe huku televisheni zinarusha moja kwa moja. Uchunguzi wa siri hapo uko wapi? Kilichofanyika faragha ni wajumbe kukaa wenyewe kupima ushahidi. Na kuna maafisa ambao maelezo yao yalichapishwa bila majina, hiyo nayo tunasema majina yamehifadhiwa, maana maelezo yenyewe kila mtu anayasoma.

Sasa sikiliza hii. Agosti 2022 serikali iliipa kamati nyaraka zilizozibwa maneno mengi mno, mpaka kamati ikaja kuandika kwenye ripoti yake kwamba hazikuwa na thamani yoyote ya ushahidi, na baadhi ya yaliyozibwa yalikuwa tayari yako hadharani! Nyaraka kamili zilifika Novemba. Jambo ambalo watu wameshalijua haliwi siri tena hata uliziba vipi, kwa hiyo kuita yale maneno "siri za serikali" ni kumsaidia aliyeficha, na mwandishi wetu aliposema "usiri wa serikali" hapo alipatia.

Siri za kweli zipo, sizikatai: jina la mpelelezi, mipango ya ulinzi wa kiongozi, hivyo vikivuja mtu anaweza kufa. Lakini hazimaanishi Bunge lisichunguze, maana faragha ipo kwa kazi hiyo hiyo, kamati inakaa faragha ili ioneshwe siri bila siri kuvuja. Uingereza hiyo hiyo wana Kamati ya Ujasusi na Usalama, wajumbe wake ni wabunge na malodi (wale wa baraza la juu la Bunge), vikao vyake vingi ni vya faragha, na ripoti inapita kwanza kwa Waziri Mkuu kabla haijatoka, yanayohatarisha usalama yanaondolewa na mahali pake panawekwa vinyota vitatu. Mimi hivyo vinyota navipenda, maana msomaji anaona kabisa kwamba hapa pana kitu kimetolewa.

Kwa hiyo andika "uchunguzi wa Bunge", na kama mlango ulifungwa andika "kikao cha faragha". Ila "ushahidi wa faragha" uwe makini nao, ushahidi unaweza kutolewa mlango umefungwa na baadaye ukachapishwa wote, kwa hiyo sema tu "alitoa ushahidi faragha", bila "kwa" wala "wa", neno linasimama lenyewe kama tunavosema walikaa faragha.